Siku Niliyopalilia Ulezi wa Mama

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini leo mmenibana, basi chekeni tu, mimi mwenyewe nilishajicheka mpaka nikachoka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimerudi kwetu Ilula kutoka shule ya bweni kule Mbeya, na miaka mitatu mfululizo hata likizo tulizuiwa shuleni tujiandae na mtihani (hesabu, Kiingereza, sayansi, tukiinuka ni kwenda kula tu), maana walimu walisema ukiyaweza haya, maisha yote utayaweza. Nikamkuta mama, mjane, amealika majirani kupalilia shamba lake la ulezi, ambalo ndilo uji wetu wa mwaka mzima, na vijana wa rika langu wamechuchumaa mstarini wakiimba, wakanisalimu, "Kamwene, mwalimu!" wakasogea kunipisha kama mgeni. Iliniuma sana. Nilitaka jambo moja tu, wanihesabu tena kuwa mwenzao.

Petro, niliyechunga naye mbuzi zamani, akaniuliza, "Lakini gugu la ulezi unalijua?"

"Sisi tunasoma sayansi ya mimea, bwana!"

Kumbe gugu lile na ulezi ni mapacha, watoto wa kwetu hufundishwa kupapasa shina kwanza, la gugu ni bapa, na mimi nikatumia akili za darasani kwamba kilichonona ndicho kilichopandwa, nikang'oa vyembamba vyote mbiombio, nikawaacha wenzangu nyuma, tena (Mungu anisamehe) nikawahimiza waongeze mwendo.

Nikamaliza kipande changu wa kwanza, nikageuka nipate sifa zangu. Shangazi, aliyekuwa akipalilia nasi, alikuwa amesimama katikati ya kipande hicho, ameshika konzi ya miche.

"Nani kapita hapa?"

"Mimi, shangazi."

"Ulezi wote umeung'oa! Umetuachia magugu!"

Wimbo ukakatika, kikaja kicheko, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaanza kuirudishia miche ardhini, nikirudi kinyumenyume nikakanyaga na kipande cha Petro, watu wakashika mbavu. Mama hakucheka. Alikwenda nyumbani akarudi na kiti, kile kimoja tulichokuwa nacho, akakifuta kwa kanga na kukiweka kivulini.

"Kaa hapa, baba. Pumzika."

Angenigombeza ningeshukuru. Nilikaa pale mpaka jioni nikiwatazama wakiipanda upya miche niliyoing'oa, ile iliyoweza kuokolewa, wakaanza tena kuimba, na hakuna aliyeniita. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile, hata bwenini.

Mtihani nilifaulu na kazi ya ofisini nikapata, sikatai, masomo yamenilisha. Lakini nimeapa, wanangu likizo ikifika wanakwenda shambani kwa bibi yao, mwalimu aseme atakavyo. Huko wanachuchumaa mstarini na wenzao, na wanaimba. Mimi nikifika, mama bado hunitolea kiti.