Mchanga Alioapa Ameuosha

Maji ya kisima cha shamba la mzungu, nje ya Nakuru, yalikuwa na chuma hata shuka nyeupe zikifuliwa zilitoka na madoa ya kutu. Tukaweka chujio: pipa lenye kokoto, makaa na mchanga. Kazi ya nyapara ilikuwa kuosha huo mchanga.

Asubuhi moja aliniapia kwamba ameuosha. Uongo! Aliyeuosha hurudi na mikono myekundu kwa kutu. Yake ilikuwa safi kuliko ya kasisi. Nikachota maji ya pipa nikampikia chai ya rangi, maana chuma hugeuza chai kuwa kama wino. Ikatoka nyeusi tititi. Akaomba maziwa ya kuificha.

“Hakuna maziwa, bwana nyapara. Kunywa.”

Akasema chai humnyima usingizi. Jua ndiyo kwanza linachomoza.