Somo la Kesho

Mhadhiri anayekuja kuwakagua walimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu haketi mbele na mwalimu mkuu. Anakuja kwetu, dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao, na kabla ya lolote anavua viatu kimyakimya. Vidoleni hubiringisha kipande cha chaki kama tasbihi. Sauti yake ni ya kumbembeleza mtoto alale. Leo kijana wetu wa mazoezi alifundisha kama maji yatiririkayo. Hata swali halijaisha, mikono yote ilikuwa juu. Chaki vidoleni mwa mhadhiri ikatulia.

"Wajukuu zangu, somo hili mmelisoma lini?" akanong'ona.

"Jana, bibi, na juzi," akadakia mwenzangu, ambaye mdomo wake hauna kufuli. "Alisema tukimwangusha leo, hapati cheti."

Nilidhani bibi atafoka. Badala yake akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, tufundishe somo la kesho."

Kijana akautazama ubao, akatutazama sisi. "La kesho sijalifanyia mazoezi, mama."

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Miaka mitatu alikuwa mikononi mwangu," akaniambia, kana kwamba ananiomba radhi mimi. "Nimemfundisha kukaguliwa. Kufundisha nilidhani kutakuja kwenyewe."

Akaenda mbele peku, viatu amevisahau, akamkabidhi kijana ile chaki. "Anza tu, mwanangu. Kosea. Leo sitoi alama."

Kijana akaandika, lakini chaki ilikuwa imelowa jasho la mkono wa mwalimu wake, na mstari wa kwanza haukuonekana.