Sarafu ya Mfalme Mwenye Ndevu Mbili

Mama yangu mzazi aliichukua sarafu yangu ya shaba nyeusi, akaitumbukiza kwenye kapu la sadaka, kisha akakaa akaendelea kuimba. Naanza na hilo nisije nikalainika katikati ya habari nikaanza kumtetea.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lushoto, na siku za likizo huwatembeza wageni. Mmoja niliyempeleka kutazama bonde kule Irente alikuwa mkusanyaji wa sarafu za kale. Alipoondoka aliniachia chache alizoziita takataka: za dola ya Warumi wa mashariki, zile za karne zake za mwisho, ilipokuwa imeishiwa hata ufundi wa kugonga sarafu sawasawa. Ni nyembamba, zimebonyea kama kisosi, kingo zimepasuka. Mimi sikuona takataka. Zilitengenezwa kabla Mreno hajafika pwani yetu, na sasa zilikuwa mezani kwangu, ndani ya kopo la majarini.

Zote nilizitambua kwa kulinganisha na picha za mtandaoni, isipokuwa moja. Upande wake uliotuna, Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi. Upande uliobonyea, mfalme amesimama, ndevu zake zimegawanyika pande mbili, na ubavuni pake zimebaki herufi chache za jina. Wafalme wawili walichorwa na ndevu za namna hiyo. Herufi moja iliyofifia ndiyo ingeniambia huyu ni yupi. Mwaka mzima niliiloweka kwenye maji ya betri, yale yasiyo na tindikali, nikaichokoa udongo kwa kijiti cha meno, nikaigeuzageuza dirishani jua la asubuhi likiingia kwa ubavu. Picha za simu hazikusaidia kitu. Nilitaka kumjua mfalme yule kuliko karibu kitu chochote mwaka ule, na sioni haya kusema.

Siku moja mama aliinama juu ya meza yangu. "Huyu si Yesu?"

"Ndiye," nikajibu bila kuinua kichwa.

"Na unamweka kwenye kopo la majarini?"

Nilicheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza.

Usharikani kwetu, asiye na fedha hutoa mazao, na ibada ikiisha mazao hunadiwa nje ya kanisa. Jumapili iliyofuata zilipita kabichi, zikapita peasi, akapita jogoo. Kisha mzee wa kanisa akainua kitu cheusi, akakisugua kwenye suruali yake, kwenye suruali jamani, akatangaza: "Hela ya Mjerumani hii! Nani anaanza?"

Damu ilinichemka. "Mzee, hiyo si ya Mjerumani! Ina miaka kama mia saba! Huyo ni Kristo, na hiyo ni mali yangu!"

Ningesema ni mali yangu nikanyamaza, ingetosha. Lakini mwalimu akikasirika hufundisha. Nikaeleza dola, nikaeleza kiti cha enzi, nikaeleza hata ndevu. Uwanja mzima ulinisikiliza kwa makini ambayo darasa langu halijawahi kunipa.

"Mwalimu, mama yako ameshamtolea Mungu," mzee akasema, kwa upole ulionichoma zaidi. "Ukiitaka, panda bei."

Nikapanda. Akina mama wa usharika nao wakapanda. Kila nikitaja bei, wananong'ona, wanafungua pindo za khanga, wanaongeza. Muda mfupi kabla yake hakuna hata mmoja wao angeitaka kwa bei ya kabichi! Mfuko wangu uliisha kabla ya wao. Na kwa kuwa kwetu mnunuzi huweza kumzawadia amtakaye, walimpa mama yangu, kwa vigelegele. Waliopiga vigelegele nawakumbuka wote.

Tangu hapo mama huifunga kwenye pindo la khanga. Akiomba, huitoa akaishika. Nimembembeleza, nimefoka, nimemwambia jasho la vidole linaila shaba. Ananiitikia tu, kama mtu anayesikia habari za mvua.

Wiki iliyopita niliingia chumbani kwake. "Shikamoo mama. Naomba niitazame tu."

"Marahaba," akasema, akanipa.

Nikaipeleka dirishani. Kristo alikuwa salama. Nikaigeuza. Pale penye kibonyeo, mahali ambapo dole gumba hutulia lenyewe, shaba ilikuwa inang'aa, laini, tupu. Ndevu hazipo. Herufi hazipo.

"Umemfuta," nikamwambia, na sauti ilinipanda. "Mama, umemfuta! Sasa sitamjua kamwe!"

Aliichukua mkononi mwangu, akaifunga kwenye khanga. Kisha akanijibu kwa Kishambaa, lugha anayoirudia akitaka maneno yaishe: kwamba nimekaa naye mwaka mzima kwenye kopo nisimjue, na yeye alimjua siku ile ile alipomwona.

Nilitoka nikabamiza mlango. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumbamizia mama yangu mlango.