Ndiyo Iliyomfunga Mstari

Mtu asimwambie mama huyu kwamba mahakama haina macho. Inayo, ila yanaona kinachoyapendeza.

Mwanawe alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Mikunjo yake ilinyooka mpaka wakamwita Mstari. Hakutazama mtu usoni, hakupenda kuguswa, na neno alilishika lilivyotamkwa: ukimwambia "ngoja dakika moja", sekunde ya sitini na moja keshaondoka. Daktari alisema ni usonji. Mtaa ulisema kichaa, maana mtaa ule haukusomea kitu ila umbea.

Asubuhi moja akamkuta tajiri wake, mwanamke mwenye duka la dobi, amelala sakafuni, kichwa kimepasuka, amekwisha kufa. Akamfunika shuka safi, kisha akarudi kumalizia mashati, kwa kuwa wenyewe wangeyafuata saa nne. Hayo ndiyo yaliyomponza.

"Anaua, halafu anapiga pasi!" wakapayuka majirani, wale wale waliokwenda arusini wamenyooshewa mashati naye.

Kituoni, mpelelezi mmoja mwenye shingo kama gunia akamuuliza, "Si wewe uliyemuua?"

"Ndiyo," akajibu Mstari.

Ikaandikwa: amekiri. Akafungwa maisha.

Mama aliposomewa maneno hayo alijipiga paja. "Nyinyi Kiswahili mmejifunzia wapi? Kaulizwa 'si wewe', kasema ndiyo, si yeye! Mlitaka ajibuje?"

"Bibi, usitufundishe kazi."

"Kazi mnaijua. Lugha ndiyo imewapiga chenga."

Rufaa ilikuja mwaka wa tatu. Mama akaenda gerezani kumfunda mwanawe.

"Wakikuuliza 'si wewe', baba, sema hapana."

"Nikisema hapana, maana yake ni mimi. Huo uongo."

"Sema tu, baba yangu!"

"Ulinikataza uongo. Nilikuwa na miaka sita. Ilikuwa Jumanne."

Mama alimlea mwenyewe hivyo, na fimbo juu.

Siku ya rufaa alimvizia yule mpelelezi mlangoni mwa ukumbi, watu wamejaa.

"Afande, si wewe uliyemuua yule mwenye dobi?"

"Ndiyo! Nimuue ananihusu nini?"

"Haya, kakiri! Wakili, andika!"

Watu wakaangua kicheko, hata karani akashika mbavu. Mpelelezi akamwita mchawi. Wakili, kijana mwenye koti la kuazima, akaandika kweli, na ndani akayasema yote mbele ya jaji.

"Mizaha ya mlangoni si ushahidi," jaji akamkata. Akamgeukia Mstari. "Jibu mwenyewe. Si wewe uliyemuua?"

Mama akamkazia macho mwanawe. Mwanawe alikuwa anatazama ukingo wa meza.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti safi, kama mwanafunzi aliyepata.

Jaji akafunga jalada. Rufaa ikatupwa.

Mama hakulia, asingewapa raha hiyo. Alisimama akawageukia majirani waliokuja kutazama. "Aliyeua yumo mtaani kwetu. Kila siku anawaamkia, nanyi mnaitikia!"

Askari wakamshika mkono, wakamtoa juu juu.

Tangu siku hiyo haitikii salamu ya mtu. Wanasema ana kiburi, bibi kizee asiye na adabu. Na waseme. Anapita katikati ya njia, anamtazama kila mmoja mikononi, mwanamume kwa mwanamke, kisha anakwenda zake.