Mafiga ya Mwenye Jiko

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Ilongero, jua halijazama vizuri, na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Nyumba hii tuliinunua baada ya kuchoka kupanga. Unakujua kupanga wewe? Leo mwenye nyumba kanuna kwa sababu mtoto kalia, kesho kakufungia maji. Nilipoingia kwangu nikasema sitoki tena. Siku hiyo hiyo nikafagia kila kilichoachwa na waliotangulia. Kwenye jiko la nje nikakuta mafiga matatu, meusi, yamezama kwenye majivu ya zamani. Mimi nina jiko la gesi, mafiga ya nini? Nikayapandisha juu ya banda la kuku yakandamize bati, maana upepo wa huku unaujua.

Tangu hapo mwanangu Juma akaacha kula. Uji anatema, ugali anageuza uso. Zahanati wakampima, wakasema haumwi kitu. Mtoto wa miaka miwili anakwisha mbele ya macho yako, utapata usingizi? Nikaanza kuwaza kwamba nyumba niliyoitamani hivi ndiyo itakayoniulia mtoto.

Jioni moja mume wangu alikuwa bado shambani kwenye alizeti. Nimekaa uani na bakuli la uji, nambembeleza Juma, nikasikia hodi nyuma yangu. Mama mtu mzima, kajifunga khanga kifuani, mkono wa kushoto una kovu la moto. Nikajua ni jirani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapitiliza hadi jiko la nje.

"Mafiga yangu umeyapeleka wapi?" akauliza. Hakuwa na hasira, ila alionekana amechoka. "Watoto hawajala."

"Watoto gani, mama?"

Akachuchumaa pale mafiga yalipokuwa, akapuliza. Niamini, majivu yale yaliyopoa miaka yakatoa kaa jekundu, na moshi ukaniingia machoni. Nikafikicha macho. Nilipofumbua, hayupo. Ndipo nikakumbuka kwamba geti nilikuwa nimelifunga kwa ndani. Kwenda kutazama, komeo liko pale pale.

Nikambeba mtoto mbio hadi kwa jirani yetu, Mama Zuhura. Nilipotaja kovu, akakaa chini.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," akasema. "Alianguka akafa hapo jikoni anasonga ugali, watoto wake wamekaa wanasubiri. Na mafiga ya mwanamke, mwenzangu, huku hayang'olewi na mgeni bila kuomba. Hukuuliza?"

Ningemuuliza nani, na mimi nilijiona ndiye mwenye nyumba?

Tukayashusha wawili, tukayarudisha mahali pake. Nikaomba radhi kwa sauti, wala sikuona aibu. Nikawasha kuni, nikasonga ugali. Juma akala, akadai tena. Nililia pale pale mbele ya moto.

Mpaka leo chakula cha jioni napikia hapo, gesi ni ya chai ya asubuhi. Siku nikichelewa shambani nakuta kuni zimeshashika, na nyumbani hakuna mtu. Nasema asante mama, nabandika sufuria. Sasa mume wangu anataka kulibomoa jiko hilo ajenge fremu ya duka. Nimemwambia aanze kubomoa nyumba kubwa.

Nawe unayehamia kwenye nyumba ya watu, hati utakuwa nayo, sawa. Ila kabla hujagusa hata jiwe la jikoni, uliza lilikuwa la nani, na alikuwa anawapikia kina nani.