Tangi Lililokuwa Chini ya Duka la Vitambaa

Harufu ya ubaridi naijua. Ni harufu ya jiwe lililolowa, mchanga na mkaa, na niliipata mjini Shinyanga mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya duka la Mama Nalini na pua nimeibandika kwenye kimojawapo cha vitundu vilivyotobolewa chini ya ukuta. Nje mabati yalikuwa yakilia kwa jua na mbwa wamejibanza chini ya magari, lakini mle ndani hata marobota ya khanga yalikuwa baridi ukiyagusa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka hilo, na mimi nikitoka shule nilikuwa najilaza pale mpaka shavu linachapwa alama za sakafu. Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana watu wenye akili zao timamu waliivunja nyumba ile. Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe kabla sijaeleza walichokivunja.

Nyumba ilijengwa na baba mkwe wa Mama Nalini, Mhindi aliyekuja kununua pamba akaishia kuuza vitambaa. Kuta zilikuwa nene, mtoto aliweza kukaa dirishani akanyoosha miguu yote. Paa, badala ya kumwaga maji barabarani, liliinamia uani pande zote nne, na mifereji ya bati iliyapeleka maji kwenye bomba moja lililoshuka chini ya ardhi. Huko, chini ya sakafu ya duka, kulikuwa na tangi la mawe na chokaa lenye ukubwa wa chumba. Katikati yake palikuwa na ukuta wa matofali uliojazwa kokoto, mchanga na mkaa. Maji yaliingia machafu upande mmoja, yakatokea safi upande wa pili, penye pampu ya mkono. Na ile hewa baridi iliyokaa juu ya maji ilipanda kupitia vile vitundu ikapoza duka zima bila umeme, bila feni, bila mtu kulipa senti. Aliyeyafikiria hayo alikuwa na penseli na miaka kadhaa ya kuitazama mvua yetu ilivyo bahili, basi.

Nilipokuwa darasa la nne, mvua za vuli hazikuja. Mabomba ya mji yalitoa hewa kwa wiki moja, kisha hata hewa yakaacha. Mama Nalini, ambaye wakati huo alikuwa mjane, aliufungulia mtaa mzima mlango wa nyuma: kila nyumba ndoo moja, alfajiri, bure. Wanawake walimwamkia "Mwangaluka", naye akawajibu "Mwangaluka, mayu", yaani mama, kwa Kisukuma chenye lafudhi ya Kigujarati, na hakuna aliyecheka. Kufikia Januari pampu ilikuwa ikikoroma, na kila mtu alijua maana yake. Yakiisha hayo, tutakwenda kuchota kwenye madimbwi ya ng'ombe, kama mitaa mingine.

Mvua ilipokuja ilikuja mchana, kwa kishindo, na mtaa mzima ukakimbilia uani kwa Mama Nalini. Pale bomba lilipoingia ardhini palikuwa na mlango mdogo wa bati uliofungwa kamba. Kamba isipovutwa, maji yote yalitoka nje kwenda barabarani. Kuivuta ilikuwa kazi ya baba, lakini amri ilikuwa ya Mama Nalini, na desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba maji ya kwanza hanywi mtu, ni ya kuoshea paa. Tukasimama tumelowa, ndoo mikononi, tukiyatazama maji ya kahawia yakienda zake.

"Baba Minza, vuta kamba," jirani yetu Mama Shija alimwambia baba, akimwita kwa jina langu. "Watoto hawajanywa tangu asubuhi."

Baba akamtazama mwenye nyumba. Mama Nalini alikinga kiganja, akanusa, akamwaga. "Bado. Popo wamelinyea bati hili miezi kumi."

Akakinga mara ya pili. Bado. Mvua ilianza kupungua nguvu, na mimi nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Mara ya tatu alikunywa kwanza yeye, akatikisa kichwa kukubali, na baba akavuta. Tulisikia maji yakianguka chini ya miguu yetu, nikakimbilia dukani, na vile vitundu vikanipulizia usoni hewa iliyokuwa inasukumwa na maji. Msimu ule mitaa mingine ilizika watoto kwa kuhara. Mtaa wetu haukuzika hata mmoja.

Mama Nalini alikwishafariki, wanawe wakauza. Mnunuzi, mtu msomi kabisa, aliwaita wachimbaji wa almasi kutoka upande wa Maganzo waje kubomoa. Mmoja akagonga sakafu kwa nyundo, ikalia tupu. Kwetu huku, jengo la zamani likilia tupu, watu hawaulizi mara mbili: Mjerumani wa enzi za ukoloni amezika rupia zake za fedha humo. Niliposikia nilikwenda mbio, nikamkuta kiongozi wao ana mashine ya kupimia madini shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo ni tangi la maji. Maji yake nimeyanywa mimi. Na aliyejenga hakuwa Mjerumani, alikuwa muuza vitambaa."

"Sawa, mama. Lakini wakati huo ulikuwa mtoto. Mali wangekuonyesha wewe?"

Alisema kwa adabu zote, kisha akaendelea. Walipofika kwenye ule ukuta wakakuta mkaa, wakashangilia, maana kwao mkaa ni alama: anayezika mali huweka mkaa juu kwa kuwa hauozi. Wakaubomoa wote. Wakatoboa na sakafu ya tangi, wakashuka chini zaidi kuliko kimo cha mtu, siku tisa, na yule mnunuzi akiwaletea chakula. Hawakupata kitu, wakajaza kifusi.

Leo pamesimama ghorofa la vioo vinavyotazama jua la jioni, na ndani viyoyozi vinanguruma. Umeme ukikatika wafanyakazi wanatoka kukaa kivulini ng'ambo ya barabara. Maji yanaletwa na lori. Wiki iliyopita mvua ilinyesha, na nilimkuta mwenye jengo mlangoni amekunja suruali, mafuriko ya paa lake yakipita kati ya miguu yetu. Nilimuuliza kwa nini asiyakinge.

"Mama, mvua ya Shinyanga ni ya kutegemea?" alisema, akacheka.

Ilitulea mtaa mzima, nikamwambia, na kilichoitunza umekifukia wewe kwa mikono ya watu uliowalipa. Aliacha kucheka, akaingia ndani. Mimi nilibaki pale nimelowa mpaka lori la maji likaja, likapiga honi ili nilipishe.