Masika alipokataa kuuza maua ya kakao

Wakuu, ni mkopo uliozaa kakao, au ni mikono ya mtu aliyejua kwamba safari hii tunda ni lake? Nimesomea uchumi wa kilimo, kichwa kimeanza mvi, na bado sina jibu. Nawapa niliyoyaona, bila chumvi.

Ilikuwa wakati wa vita, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Mimi nilifundisha Butembo, nikiishi mtaa wa Bulengera. Dada yangu Masika, mjane, alikuwa na shamba la kakao nje ya Beni.

Kwetu kuna neno: kuuza maua. Lilitoka enzi za kahawa. Mti ukichanua, mnunuzi anakulipa kabla tunda halijafunga, na mavuno yote ni yake.

Kahawa iliponyauka kwa ugonjwa tukapanda kakao, na desturi tukaihamishia huko.

Hapo ndipo tulipokosea. Kakao hudondosha sehemu kubwa ya maua yake, kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya kutupa. Nawe ukishauza, unampogolea nani matawi? Matunda yaliyooza yanabaki mtini, yanaambukiza mazima.

Masika alikuwa ameuza misimu miwili. Mnunuzi wake, Papa Kambale, sasa alikuwa anaulizia shamba lenyewe.

Ndipo ushirika ukaleta mkopo wa msimu: majirani watano wadhaminiane, na auzaye maua anatoka kundini. Wanne walikuwa tayari. Walimngoja Masika.

Nilipanda pikipiki, nikavuka barière, vizuizi vya askari barabarani, kwenda kumshawishi. Jioni ile nilimkuta Papa Kambale uani, pesa za maua mkononi.

"Mama Masika, hii vita haiko na mwisho. Mutakimbia, na deni ya ushirika itakufwata mpaka Uganda!"

Nikaanza kueleza riba. Dada akanikatiza.

"Kaka, acha kwanza hesabu ya université." Akamgeukia mgeni. "Papa Kambale, kama vita haiko na mwisho, shamba yangu unaitakia nini?"

Mzee akacheka. Kisha akaacha kucheka, akarudisha pesa mfukoni.

"Utaniita," alisema.

"Utaningoja sana," dada akamjibu.

Msimu ule tulikimbia kweli, tukarudi. Hata hivyo shamba lilizaa kuliko misimu miwili iliyotangulia.

Funzo nililobaki nalo: mkopo ulimwondolea haja ya kuuza tunda ambalo halijazaliwa. Lakini nashuku wale majirani wanne walifanya kazi kubwa kuliko fedha. Wenye kakao, kwenu ilikuwaje? Nipingeni bila woga.

Namalizia na asubuhi iliyofuata, maana usiku dada hakuniambia ameamua nini.

Kulipokucha alikwenda kwa wale wanne, akatia kidole kwenye wino na kukigandamiza kwenye hati ya mkopo. Kisha wote watano wakaingia shambani kwake na mapanga, kupogoa. Nilikuwa bado nanawa uso niliposikia tawi la kwanza likianguka.